Mikate Mitatu na Kibuyu cha Maziwa

Bismillahir Rahmanir Rahim. 

Ndugu zangu, kila msimu wa Hija na Umra ukielekea mwisho, swali huja lile lile kwenye simu yangu: "Sheikh, fedha zimeniishia Madina na kuna watu wa nyumbani sijawanunulia kitu. Nikope?" Wanaokwenda Muscat na Dubai nao wana lao: "Rafiki yangu wa huko alinilaza kwake wiki nzima, akanipa na saa ya mkononi. Mimi nilimpelekea korosho na kikoi. Je, nimejidhalilisha?" Majibu ya kifiqhi ni mafupi na wengi mnayajua. Leo nataka niwasimulie historia, kwa sababu kuna msafiri mmoja aliyepokea na kutoa zawadi kuliko pengine mtu yeyote wa zama zake, na ametuachia hesabu yake kwa ulimi wake mwenyewe.

Kwanza neno lenyewe. Waliosoma Kiarabu wataona ndani ya neno letu "zawadi" mzizi wa *zad*, yaani masurufu ya njiani, kile anachofungiwa msafiri ili asilale na njaa. Wazee wetu wa pwani walilichukua neno la safari wakalifanya ndilo jina la hidaya. Kaeni nalo, tutalirudia.

Msafiri ninayemkusudia ni Ibn Battuta, Allah amrehemu. Alizaliwa Tangier, Morocco, mwaka 1304. Mwaka 1325, akiwa na umri wa miaka 21, alitoka kwao kwenda Hija, na hakurudi nchini mwake mpaka mwaka 1349. Hakuwa mfanyabiashara. Alikuwa faqihi wa Kimaliki, na sehemu kubwa ya safari zake ilibebwa na elimu yake pamoja na ukarimu wa watu. Kwa hiyo anapozungumzia zawadi anazungumzia riziki yake, na hilo mlikumbuke tunapomsikiliza.

Mwaka 1331 alifika Mogadishu. Anasimulia kwamba jahazi likitia nanga, vijana wa mji hutoka na mashua, kila mmoja amebeba sahani ya chakula iliyofunikwa. Kijana humpa mfanyabiashara mmoja aliye chomboni ile sahani na kusema: huyu ni mgeni wangu. Basi yule mgeni hafikii nyumba nyingine ila ya mwenyeji wake. Mwenyeji ndiye humuuzia bidhaa na kumnunulia, na mtu akimlalia mgeni kwa bei ya dhuluma, au akimuuzia kitu mwenyeji hayupo, biashara ile haitambuliki. Bila shaka mwenyeji alikuwa na faida yake humo, wala sioni aibu ndani yake. Lakini tazameni mpangilio: chakula kilitangulia, biashara ikafuata.

Ibn Battuta hakuwa na bidhaa. Watu wa jahazini waliposema kwamba huyu ni faqihi, kadhi mwenyewe, mtu wa asili ya Misri, alimfuata ufukweni pamoja na wanafunzi wake na kumpeleka kwa sultani, kwa sababu desturi ilikuwa mwanachuoni hashuki popote kabla ya kumsalimu mtawala. Sultani akamletea tambuu na popoo na maji ya waridi ya Dameski, akaamuru alazwe nyumba ya wanafunzi. Kisha kikaja chakula, na hapo msafiri wetu anasimama kueleza kila kitu: wali uliopikwa kwa samli, juu yake mchuzi wa kuku, nyama, samaki na mboga, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, maziwa ya kuganda, ndimu za achari, pilipili, tangawizi mbichi, maembe. Msomaji wa Lamu, Unguja au Tanga akisoma hapo ataona kama yuko jikoni kwa shangazi yake!

Walikula hivyo siku tatu. Siku ya nne, Ijumaa, kadhi na mmoja wa mawaziri wakamletea nguo: shuka ya hariri ya kujifunga kiunoni, kanzu ya kitani cha Misri, juba na kilemba. Wanafunzi wangu wa madrasa huwa nawasimamisha hapo. Mtume (s.a.w.) alitufundisha kwamba ugeni ni siku tatu, na kinachozidi hapo ni sadaka. Watu wa Mogadishu walitimiza haki ya mgeni kwa chakula kwanza, ndipo wakaleta zawadi. Mgeni alishiba na kulala kabla ya kuvalishwa.

Kutoka hapo alishuka kusini, akalala usiku mmoja Mombasa, akafika Kilwa. (Anataja kwamba watu wa miji hii ni Mashafii, tena wacha Mungu. Sisi tuliorithi tufurahi kidogo, kisha tujiulize.) Sultani wa Kilwa wakati huo alikuwa al-Hasan, Abu al-Muzaffar, ambaye watu walimwita Abu al-Mawahib, baba wa vipawa, kwa wingi wa kutoa kwake. Alipokea masharifu waliotoka Iraq na Hijazi, na kuwatengea fungu.

Kisa chake mashuhuri ni hiki. Ijumaa moja alipokuwa akitoka msikitini, fakiri mmoja kutoka Yemen alimwomba nguo alizovaa mwilini. Sultani akasema nitakupa. Yule akasema: sasa hivi. Sultani akarudi, akaingia nyumba ya khatibu, akavua, akavaa nyingine, akampa. Watu wakamshukuru mno kwa unyenyekevu ule. Mwanawe, mrithi wa ufalme, akazikomboa zile nguo za baba yake kwa kumpa yule fakiri watumwa kumi. Sultani aliposikia jinsi watu walivyosifu, akaamuru aongezwe watumwa kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Ndugu zangu, kisa hiki huhadithiwa kwenye mihadhara kama mfano wa ukarimu, na watu hupaza takbiri. Mimi nakisoma taratibu. Sultani kutoa nguo iliyo mwilini mwake ni jambo kubwa. Lakini wale watu ishirini walikuwa na mama zao na majina yao, nao walihesabiwa pamoja na pembe. Ukarimu wa mtu unaweza kuwa mali ya mwingine. Sisi watu wa mwambao hatupaswi kusoma mstari huo haraka haraka, maana waliotolewa walikuwa wa bara letu hili hili.

Al-Hasan alipofariki akashika nduguye Dawud, na Ibn Battuta anasema alikuwa kinyume chake. Mwombaji akija, Dawud humwambia kwamba aliyekuwa akitoa amekufa, wala hakuacha kitu cha kutolewa. Wageni walikaa kwake miezi mingi, akawapa kidogo tu, mpaka watu wakaacha kwenda mlangoni pake. Historia imemwandika Dawud bakhili. Lakini nani amemhoji Dawud alikuta nini ndani ya hazina? Muwekeni kando kwanza, kwa sababu tutakutana na mfano wake mwingine mbali sana na Kilwa.

Sasa India. Ibn Battuta alifika mto Indus mwaka 1333. Sultani wa Delhi, Muhammad bin Tughluq, alikuwa akiwapenda wageni na kuwapa vyeo. Desturi ya baraza lake ilikuwa hii: kila anayeingia kwake huja na hidaya, na sultani humlipa maradufu ya thamani yake. Jambo hili lilipojulikana, ukazuka mtaji. Wafanyabiashara wa Sind na India wakawa wanawakopesha wageni maelfu ya dinari, wanawaandalia hidaya za kumpelekea sultani, wanawapa na wanyama wa kupanda, kisha sultani akimlipa mgeni, mkopeshaji huchukua chake na faida juu. Zawadi imekuwa kama tiketi ya bahati nasibu, na anayeiuza yuko mlangoni.

Ibn Battuta naye aliingia humo. Mjini Ghazna alichukua kwa mfanyabiashara wa Kiiraki, mtu wa Tikrit, farasi wapatao thelathini na ngamia mwenye shehena ya mishale, vyote kwa ajili ya hidaya. Yule bwana baadaye akalipwa na kutajirika kwa biashara hiyo. Miaka mingi mbele walikutana Halab, nchi ya Sham, wakati Ibn Battuta ameporwa kila alichokuwa nacho. Hakupata wema wowote kutoka kwake. Sishangai, kwa sababu kati yao hakukuwa na urafiki tangu mwanzo, kulikuwa na daftari.

Njiani huko huko kuna zawadi nyingine ambayo watu huipita bila kuitazama. Alipofika Multan alimpa gavana mtumwa na farasi, pamoja na zabibu kavu na lozi. Anaeleza kwamba zabibu na lozi ni katika hidaya kubwa kwa watu wa huko, maana hazimei kwao, huletwa kutoka Khurasan. Sikia hilo, wewe uliyepeleka korosho Muscat ukaona haya! Kitu chepesi cha mfukoni, chenye ladha ya nchi ya mbali, kilihesabiwa kikubwa na gavana wa mji tajiri.

Delhi alipata alichokitafuta. Akafanywa kadhi kwa mshahara wa dinari 12,000 kwa mwaka. Lakini deni nalo lilikuwa limefika dinari 55,000, kwa hidaya, safari na matumizi ya kuishi kama watu wa barazani. Pigeni hesabu: hata asingekula wala kuvaa, mshahara wa miaka minne na nusu usingelimaliza. Wadai wakataka chao wasafiri. Akamtungia sultani kasida ya kumsifu, kisha akakubaliana na wale wadai kwamba akifika mlango wa kasri wampigie kelele, kama ilivyokuwa desturi ya nchi, ili sultani asikie. Sultani akasikia, akaamuru deni lilipwe, na hata hapo mmoja wa maofisa akataka rushwa kabla ya kutia saini yake. Faqihi wa Kimaliki, kadhi wa Waislamu, amesimama mlangoni kwa mfalme anazomewa kwa mpango alioupanga mwenyewe.

Hapa ndipo pa kuikumbuka aya ya 39 ya Suratur Rum, inayotaja kile mnachokitoa ili kizidi katika mali za watu, kwamba mbele ya Allah hakizidi. Wafasiri wengi, na imepokewa hivyo kwa Ibn Abbas (r.a.), wameieleza kuwa ni mtu kutoa hidaya akitaraji kurudishiwa kikubwa kuliko alichotoa. Wanachuoni hawakusema ni haramu kama riba ya mkopo. Wamesema haina thawabu. Umefanya biashara, basi usimdai Allah ujira wa ukarimu.

Kuna hadithi ya Bi Aisha (r.a.) kwenye Bukhari kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akipokea hidaya na akilipa kwayo. Kulipa ni Sunna ya aliyepokea. Kuhesabu kulipwa si Sunna ya anayetoa. Wengi wetu tumegeuza: tukitoa tunahesabu, tukipokea tunasahau.

Miaka ikapita. Tughluq akamtuma China na msafara wa hidaya nyingi kwa mfalme wa huko. Dhoruba ikavunja vyombo Calicut, hidaya zikazama, na msafiri wetu akabaki ufukweni na dinari kumi na busati alilokuwa akilalia. Akazunguka Maldives, Bengal, China, akarudi kwao. Na mwaka 1352, mtu wa makamo sasa, akavuka Sahara kwenda Mali.

Kituo chake cha kwanza upande wa pili wa jangwa kilikuwa Walata. Ofisa wa mji aliwaalika wageni, wakaletewa uwele uliopondwa, ukatiwa asali kidogo na maziwa, ndani ya nusu ya kibuyu. Ibn Battuta akauliza wenzake: ni kwa hili ndiyo tumeitwa? Wakamjibu ndiyo, na kwa watu hawa huu ndio ukarimu mkubwa. Akaona hakuna heri ya kutarajiwa, akataka hata kurudi.

Akafika mji mkuu wa Mali mwezi Juni 1352. Mfalme alikuwa Mansa Sulayman. Siku moja mtu akaja mbio, miguu mitupu, kumwambia: simama, zawadi ya sultani imekuja. Akasimama akidhani ni majoho na fedha. Kumbe ni mikate mitatu, kipande cha nyama ya ng'ombe kilichokaangwa kwa mafuta ya huko, na kibuyu cha maziwa ya kuganda. Akacheka. Mwenyewe anasema alicheka, akastaajabu kwa udogo wa akili zao kukitukuza kitu duni namna ile.

Simameni hapo, ndugu zangu. Mogadishu mwaka 1331 kulikuwa na maziwa ya kuganda, na ndizi ndani ya maziwa, naye akavieleza kwa furaha. Mali mwaka 1352 ni maziwa ya kuganda tena, na anacheka. Maziwa hayakubadilika. Katikati ya maziwa hayo mawili kuna Delhi.

Atatokea mtu wa kunipinga, na ana haki, kwamba kitabu chote kiliandikwa mara moja: Ibn Battuta alisimulia, Ibn Juzayy akaandika, wakamaliza mwaka 1355. Ni kweli. Na Mogadishu alipewa nguo baada ya chakula, Mali hakupewa. Hilo nalo ni kweli. Lakini kwa macho yangu ndiyo inazidi kuthibitisha. Nguo ndizo zilizokuwa zimebaki moyoni mwake kama kipimo, na chakula bila nguo kikawa kichekesho. Mtume (s.a.w.) aliwausia wanawake wa Kiislamu jirani asiidharau hidaya ya jirani yake hata ikiwa ukwato wa kondoo, na akasema yeye mwenyewe angepokea hata mguu wa mnyama. Faqihi wetu bila shaka alizijua hadithi hizo. Kujua ni jambo moja, na Delhi ni jambo jingine.

Akamkabili Mansa mwezi wa Ramadhani, akamwambia kwamba amezunguka nchi za dunia na kukutana na wafalme wake, naye yuko hapa muda wote huu hajapewa kitu. Atamsimulia nini mbele ya masultani wengine? Kwa lugha ya leo: nitakuandika mtandaoni. Mansa akampa nyumba na posho, usiku wa tarehe 27 Ramadhani akampa mithqali 33 na theluthi, na wakati wa kuondoka mithqali 100 za dhahabu. Mithqali moja ni kama gramu 4 na robo, kwa hiyo jumla ni zaidi ya nusu kilo. Bado akamwandika bakhili.

Lakini mjue Sulayman alikuwa ndugu wa nani. Kaka yake ni Mansa Musa, yule aliyepita Misri mwaka 1324 akienda Hija, akagawa dhahabu mpaka thamani yake ikashuka Cairo. Hayo wote mmesikia, na yanasambazwa sana siku hizi kuwa ndiye tajiri kuliko wote duniani. Sehemu isiyosambazwa ni ya kurudi. Al-Umari, aliyeandika miaka michache baadaye kwa kuwauliza watu wa Cairo, anaeleza kwamba Musa aliishiwa, akakopa kwa wafanyabiashara wa huko kwa faida nzito. Hujaji, amemaliza Hija yake, anarudi na riba begani, kwa sababu ya zawadi!

Mmoja wa wakopeshaji alikuwa Siraj al-Din ibn al-Kuwayk, tajiri wa Iskandaria. Alimtuma wakili wake Mali kudai, wakili akakaa huko huko. Akaenda mwenyewe pamoja na mwanawe. Alipofika Timbuktu alikaribishwa, na usiku ule ule akafa. Watu wakanong'ona kuhusu sumu, lakini mwanawe akawaambia kwamba alikula naye chakula kile kile. Ajali yake ilikuwa imefika. Mtoto akaendelea, akalipwa deni, akarudi Misri. Ibn Battuta aliliona kaburi la baba huko Timbuktu.

Basi Sulayman aliyapokea haya. Musa na Sulayman, kama al-Hasan na Dawud wa Kilwa: mmoja aliyetoa akasifiwa, na nduguye aliyekuja nyuma akaitwa bakhili. Na mtu yule yule aliyemcheka Sulayman anakiri katika kurasa zile zile kwamba nchini mwake hakuna dhuluma, msafiri haogopi mwizi, watoto wanahifadhishwa Qur'ani, na mgeni kutoka nchi za Kiarabu akifia huko mali yake haiguswi, huwekwa kwa mtu mwaminifu mpaka mwenye haki aje. Mimi ningeulizwa nichague kati ya joho la Delhi na amana hiyo ya Mali, nisingefikiri mara mbili.

Turudi sasa kwenye swali la simu yangu. Anayekopa Madina ili arudi na mabegi matatu, amejiweka msafara wa Musa wa kurudi. Watu wa nyumbani walioagiza "usinisahau" nao wana hisa katika deni lile, na hili huwa hatuliambiani. Mleteeni aliyesafiri chakula siku anaporudi, amechoka. Na aliyekaribishwa ugenini akapewa saa ilhali alipeleka korosho, amshukuru mwenyeji wake, amwambie *jazakallahu khayran*, amwombee, na siku mwenyeji akija huku ampe kitanda na wali.

Nimebakiza kisa kimoja. Mwaka 1326, mwanzoni kabisa mwa safari, kijana Ibn Battuta alilala siku tatu kwa mzee mchamungu wa Iskandaria, Burhan al-Din. Mzee akamwambia: nakuona unapenda kutembea nchi. Basi inshallah utamtembelea ndugu yangu Farid al-Din India, na ndugu yangu Rukn al-Din Sind, na ndugu yangu Burhan al-Din China. Ukiwafikia wape salamu zangu. Kijana hakuwa hata na nia ya kwenda huko. Akaibeba amana ile, na anasema hakuacha kuzunguka mpaka akakutana na wote watatu, akazifikisha salamu.

Wakati wa kuagana yule mzee alimpa dirhamu chache. Neno analotumia kwa Kiarabu ni *zawwadani*, alinipa zad, na ndimo ilimo zawadi yetu. Zile dirhamu alizihifadhi. Alipita nazo Makka, Mogadishu, Kilwa, akapita nazo Delhi akiwa anadaiwa 55,000, na kwa karibu miaka 20 hakuhitaji kuzitumia, mpaka maharamia wa bahari ya Hindi walipomvua kila kitu, na zile dirhamu zikiwemo.

Wallahu aalam.